Nebula kwa Macho Yako: Anza na Mkeka, Darubini Baadaye

Tangu tarehe 12 Julai 2022, picha za kwanza za darubini ya James Webb zilipotolewa, wasomaji wananiuliza jambo lile lile. Mtu ameona kwenye simu yake ile picha ya magenge ya rangi ya kutu yenye anga la buluu juu yake, akasoma kwamba ni ukingo wa nebula ya Carina. Akajinyima, akanunua darubini, akatoka nje usiku. Kilichompata ni kijiwingu cha kijivu, au nyota tupu. Anauliza: je, darubini yangu ni mbovu?

Mara nyingi si mbovu. Tatizo ni mahali aliposimama, usiku aliouchagua, na kile alichotarajia kukiona. Haya matatu yanarekebishika bila kutoa senti. Naandika kwa kirefu kwa sababu sisi tunaoishi karibu na ikweta tumepewa anga ambalo wengi wanalitamani. Nebula ya Jabari inapita juu ya utosi wetu, na ile ya Carina, ambayo mtu wa London hawezi kuiona kamwe akiwa kwao, kwetu inapanda vizuri upande wa kusini. Inaniuma kuona mtu anaikatia tamaa mbingu hii baada ya usiku mmoja.

## Unachokitafuta ni nini hasa

Ni wingu la gesi, sehemu kubwa hidrojeni, ambamo nyota nzito zimezaliwa. Ndani ya nebula ya Jabari iko nyota iitwayo Theta1 Orionis C. Uso wake una joto la karibu nyuzi 39,000, wakati uso wa Jua letu una kama 5,500. Nyota ya moto namna hiyo hutoa mwanga mwingi wa urujuanimno, nao ndio unaoifanya gesi ing'ae. Gesi haiungui. Inawaka kama taa ya neoni mlangoni mwa duka, si kama mkaa jikoni.

Nyota hizi pia hupuliza upepo wa zaidi ya kilomita 1,000 kwa sekunde, ukachimba mapango na kuchonga nguzo katika wingu lililozizaa. Ukiona wingu lenye uwazi katikati, tafuta nyota angavu ndani ya uwazi huo. Ndiyo iliyolichonga.

Hayo yanatosha. Tuingie kazini.

## Usitafute rangi

Hili ndilo kosa linalowavunja moyo watu wengi kuliko yote. Jicho gizani halioni rangi sawasawa. Wekundu wa hidrojeni, ambao kamera huupenda, ndio jicho la usiku linaoukosa kabisa. Utaona kijivu, na kwa darubini kubwa kidogo huenda ukaona ukijani hafifu unaotokana na oksijeni. Picha unazozijua zimekusanya mwanga kwa dakika au saa nyingi. Nyingine zimepangiwa rangi kwa makusudi: katika picha ya nguzo za nebula ya Tai iliyopigwa na Hubble mwaka 1995, kijani kiliwekwa kuwakilisha hidrojeni, buluu oksijeni, na nyekundu salfa. Si uongo, ila si kile ambacho jicho lingeona.

Badala ya rangi, tafuta:

- umbo: wapi wingu linaanza na wapi linafifia;
- mipaka: upande mmoja mara nyingi umekatika ghafla, mwingine unayeyuka taratibu;
- sehemu nyeusi ndani ya wingu, ambazo ni vumbi linaloziba mwanga;
- nyota zilizojikusanya katikati.

Ukitoka nje ukiyajua haya, kijivu hakitakuvunja moyo. Mimi ilinichukua mwaka mzima kukubali, na mwaka huo niliupoteza nikibadilisha lenzi badala ya kutazama.

## Giza lifuatwe

Giza lina thamani kuliko kioo. Darubini ndogo kijijini huishinda darubini kubwa Kariakoo.

Mwezi. Chagua usiku ambao mwezi haupo. Anayeifuata kalenda ya Kiislamu hana haja ya kutafuta jedwali lolote: tangu tarehe 26 ya mwezi hadi kama 4 ya mwezi unaofuata, sehemu kubwa ya usiku haina mwezi.

Upande wa mji. Watu husema "nenda mbali na mji" bila kusema upande gani. Upande una maana kubwa. Nebula nyingi nzuri kwetu ziko kusini, kwa hiyo toka mjini kwa upande wa kusini ili mwanga wa mji ubaki mgongoni. Wa Dar es Salaam aelekee Mkuranga. Wa Nairobi ashuke kuelekea Magadi. Wa Mombasa avuke kivuko aende pwani ya kusini, Msambweni na kuendelea. Unguja, ufuo wa Jambiani na Makunduchi una bahari mbele na giza la kutosha.

Macho. Yanahitaji dakika 20 hadi 30 gizani kabla hayajafunguka kikamilifu, na kuchungulia simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Funika tochi kwa kitambaa chekundu au karatasi nyekundu ya plastiki. Programu za ramani ya nyota kama Stellarium zina hali ya usiku yenye wekundu. Iwashe kabla hujatoka nyumbani, na upunguze mwangaza wa kioo hadi mwisho.

Usalama. Hapa sitaki mtu afanye mzaha.

- Usiende peke yako.
- Mwarifu mwenyekiti wa kijiji au chifu wa eneo kabla giza halijaingia. Kundi la watu gizani na bomba refu juu ya stendi huleta maswali, na ni haki ya wenyeji kuuliza.
- Kaa mbali na kambi za jeshi na viwanja vya ndege.
- Vaa viatu vilivyofungwa, kagua mahali kwa tochi kabla ya kutandika, paka dawa ya mbu.
- Darubini isielekezwe kwenye Jua hata mara moja, wala isiachwe juani bila mfuniko. Sekunde moja inatosha kuliharibu jicho la mtoto.

## Usiku wa kwanza: Jabari

Kila mtu aanze hapa. Kundinyota hili ramani na programu nyingi huliita Orion. Nebula yake iko umbali wa takribani miaka ya nuru 1,300 na huonekana bila kifaa chochote.

Wakati wake ni Desemba hadi Machi. Katikati ya Desemba inachomoza mashariki jua likizama. Mwishoni mwa Januari, yapata saa tatu na nusu usiku, iko juu ya kichwa chako. Kwa msomaji wa Dar es Salaam ni chini ya nyuzi mbili kutoka utosini. Bahati nzuri Januari na Februari ni kiangazi, mvua za vuli zimepita na masika bado.

1. Tandika mkeka, weka mto. Kitu kilicho utosini hakitazamwi kwa kusimama. Shingo itakulazimisha kuacha kabla jicho halijafunguka.
2. Tafuta nyota tatu zilizopangana kwa mstari, zenye ung'avu unaokaribiana. Huo ni mshipi wa Jabari. Ukitazama mashariki mapema usiku, utaukuta umesimama kimshazari, si umelala kama vitabu vya Ulaya vinavyochora.
3. Nyosha mkono, weka vidole vitatu pamoja. Upana huo, kutoka mshipini kwenda upande wa kusini, unakufikisha kwenye vinyota vilivyojipanga kama jambia linaloning'inia. Ukitazama mashariki, kusini ni kulia kwako. Jabari likiwa magharibi mwezi Machi, kusini ni kushoto.
4. Nyota ya katikati ya jambia haina ncha kali. Ina ukungu. Ndiyo yenyewe.
5. Usiikodolee. Tazama pembeni kidogo, kama unamwangalia mtu kwa jicho la pembe. Sehemu ya jicho inayoona vyema gizani haiko katikati, na ukungu utatanuka wenyewe.
6. Sasa chukua darubini ya mkononi, ile ya macho mawili. Egemeza viwiko kifuani ukiwa umelala. Utaona wingu dogo lenye nyota ndani yake.
7. Mwenye darubini ya stendi aanze na ukuzaji mdogo kabisa. Wingu litafungua mbawa mbili kama ndege, na ghuba nyeusi itaingia katikati. Kisha ongeza hadi mara 50 au zaidi: nyota moja itagawanyika kuwa nne zilizobanana. Ile angavu kuliko wenzake ndiyo Theta1 Orionis C, nayo ndiyo inayowasha sehemu kubwa ya wingu lote unaloliona.

Hatua ya saba ndiyo wengi huiharakisha. Kaa dakika kumi nzima kwenye ukuzaji mmoja. Gonga bomba taratibu kwa kidole, maana kitu hafifu kikitikisika jicho hukikamata. Vuta pumzi kwa utulivu. Ukizizuia, macho hupoteza nguvu.

Msomaji mmoja aliniambia kwamba alitazama na hakuona hizo mbawa. Nikamuuliza alitazama kwa muda gani. Alisema nusu dakika. Galileo mwenyewe aliitazama sehemu hii mwaka 1617, akaandika nyota tatu kati ya zile nne, wala hakulitaja wingu. Mwenzake wa Ufaransa, Nicolas-Claude Fabri de Peiresc, alikuwa ameliona kwa darubini tangu 1610. Kutazama kunajifunzwa.

## Nebula ya Mkuku, zawadi ya kusini

Mkuku ndilo kundinyota ambalo programu zitakuandikia Carina. Nebula yake ni pana angani kuliko ya Jabari, ingawa iko mbali zaidi, takribani miaka ya nuru 7,500. Mfaransa Nicolas-Louis de Lacaille ndiye aliyeiandika kwanza, mwaka 1752, akiwa Rasi ya Tumaini Jema. Ilimbidi asafiri hadi kusini mwa Afrika ili aione. Wewe unatoka uani tu.

Shida ni mvua. Usiku wake bora kabisa wa mapema ni mwishoni mwa Aprili, na hapo ni masika. Kwa hiyo tumia mojawapo ya nafasi mbili:

- Februari, kuanzia saa tano usiku, ikipanda kusini mashariki;
- Juni, mara giza linapoingia hadi saa mbili na nusu, ikiteremka kusini magharibi.

Kuipata, anza na Salibu, ule msalaba mdogo wa nyota nne. Onyo kubwa liko hapa. Upande wa magharibi wa Salibu kuna msalaba mwingine, mkubwa zaidi na hafifu kidogo, ambao si wenyewe. Wengi huanzia huo na kupotea usiku mzima. Salibu ya kweli ni ndogo, imebanana, na ina nyota mbili angavu sana upande wake wa mashariki zinazoielekeza. Msalaba wa bandia hauna wasindikizaji hao.

Ukishaipata Salibu ikiwa imepanda kusini, nyosha mkono. Nenda kulia upana wa ngumi moja na kama vidole viwili. Gizani utaona doa la ukungu ndani ya Njia Nyeupe bila kifaa. Chini yake, upana wa vidole vitatu hivi, kuna kishada cha nyota kinachofanana na Kilimia. Ukikiona kishada hicho kwenye darubini ya mkononi, jua umefika jirani; panda juu kidogo.

Ndani ya nebula hii imo Eta Carinae, ambayo ningependa kila mwenye darubini ya stendi aione angalau mara moja maishani. Ni mfumo wa nyota wenye uzito unaopita wa Majua 100. Desemba 1837 John Herschel, akiwa Cape Town, alishangaa kuikuta imeongeza mwanga ghafla, na mwaka 1843 ikawa ya pili kwa ung'avu usiku baada ya Sirius. Kisha ikafifia. Gesi iliyorushwa wakati ule bado iko. Kwa darubini yenye kipenyo cha sentimita 15 hadi 20 na ukuzaji mkubwa, Eta Carinae haionekani kama nukta. Ni kitu kidogo cha rangi ya machungwa chenye uvimbe pande mbili. Hapa, kwa mara moja, ruksa kutafuta rangi.

## Mvuke wa birika

Kwa ajili ya kipupwe, Julai hadi Septemba, iko nebula ya Wangwa katika kundinyota la Mshale, yaani Sagittarius. Nyota za Mshale zinachora birika la chai, na ukitazama kusini kutoka kwetu birika limekaa wima, mdomo ukiwa kulia. Nebula iko juu ya ncha ya mdomo, kiasi cha nusu zaidi ya upana wa vidole vitatu vya mkono ulionyooshwa, mahali ambapo mvuke ungekuwa. Mwanzoni mwa Agosti iko juu kabisa saa tatu na nusu usiku. Wa Nairobi wajue kwamba Julai na Agosti kwao mawingu hayatoki. Ni bora kushuka bondeni.

## Kabla hujatoa pesa

Nasihi kwa nguvu zote: kifaa cha kwanza kiwe darubini ya mkononi ya 7x50 au 10x50. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Hiyo ya pili ndiyo inayokusanya mwanga.

Dukani fanya hivi:

- Ishike mbali na uso, uielekeze kwenye mwanga. Vijiduara viwili kwenye lenzi za nyuma viwe mviringo kamili. Vikiwa vimekatwa pembe, iache.
- Tazama mnara wa simu ulio mbali. Ukiona minara miwili, au macho yakivutwa, pande mbili hazijalingana, na hilo halitengenezeki nyumbani.
- Zungusha gurudumu la kulenga. Liwe laini, lisiruke.
- Zile zenye lenzi nyekundu kama kioo cha rangi, usinunue.

Na darubini ya stendi? Kataa inayojisifu kwa ukuzaji. Nilinunua ya kwanza kwa sababu boksi lilisema "mara 525". Stendi yake ilitetemeka kila upepo ulipopita, na picha ya mara 525 ilikuwa matope. Nebula ni vitu vikubwa hafifu. Vinataka upana wa kioo, si ukuzaji. Kioo cha milimita 130 au 150 juu ya kitako imara cha mbao kinatosha kwa miaka mingi. Ukibaki na akiba, nunua kichujio cha nebula kinachopitisha mwanga wa oksijeni na hidrojeni na kuzuia mwingine. Kinasaidia sana kwenye Mkuku na Wangwa, ila hakiponyi taa za mjini kabisa.

Pwani kuna adui mwingine: unyevu. Ukungu wa lenzi asubuhi usiufute kwa kanga wala shati. Acha ukauke wenyewe, kisha hifadhi kifaa kwenye chombo chenye mfuniko pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja ndani ya boksi la viatu. Kuvu ikiota ndani ya lenzi, ni vigumu kuitoa.

## Kuhusu picha za simu

Inawezekana, na Jabari ndiyo rahisi. Simu iwe kwenye stendi, si mkononi. Washa hali ya usiku, weka sekunde 10, tumia kipima muda cha kujipiga ili kidole kisiitikise. Ukungu wa waridi utajitokeza pale jambiani. Ukizidisha sekunde 20 nyota zitakuwa vistari, kwa sababu Dunia inazunguka. Kamera za kawaida pia zina kichujio kinachokata sehemu kubwa ya ule wekundu wa hidrojeni, hivyo usishangae yako ikitoka imepauka. Henry Draper alipopiga picha ya kwanza ya nebula hii, Septemba 30, 1880, ilimchukua dakika 51 kwa darubini kubwa.

## Mnayoniuliza zaidi

"Nataka kuona Kichwa cha Farasi." Kipo karibu na mshipi, lakini acha kwanza. Hata wenye vioo vikubwa na miaka ya mazoezi hukikosa. Ukianza nacho utaacha.

"Navaa miwani." Kama ni ya kuona mbali au karibu tu, ivue, gurudumu la kulenga litafanya kazi yake. Mwenye astigmatizimu abaki nayo.

"Nimeiona ya Jabari. Sasa nini?" Usiondoke mkekani. Saa ile ile Jabari ikiwa utosini, keti, geuka kusini. Nyota angavu sana katikati ya anga la kusini ni Suheli, ile ambayo manahodha wa pwani waliifuata. Shuka chini yake, kulia kidogo, karibu ngumi mbili, hadi uone kipande cha wingu hafifu kama kimebanduka kutoka Njia Nyeupe. Hiyo ni galaksi jirani, Wingu Kubwa la Magellan, umbali wa miaka ya nuru kama 160,000. Elekeza darubini ya mkononi upande wake wa kushoto. Doa dogo angavu utakalolikuta ni nebula ya Tarantula. Unaiona kwa darubini ya mkononi ingawa iko katika galaksi nyingine, kwa sababu ndani yake zimo nyota nzito nyingi mno. Ingekuwa karibu kama nebula ya Jabari, usiku kama huu mkeka wako ungekuwa na kivuli.